Prizi ya pikipiki: historia ndefu ya waya mbili na fyuzi moja inayosahauliwa

GOMA – Kwenye vituo vya pikipiki vya Birere, kwenye mzunguko wa Signers ama kwenye barabara inayoelekea Sake, mteja anayepanda nyuma ya motari anaona mara nyingi kitu kimoja karibu na usukani: prizi ndogo ya plastiki nyeusi, yenye tundu moja ama mawili ya USB, na simu imechomekwa pale inachajiwa. Kwa motari simu hiyo ni ofisi. Kupitia simu wateja wanamwita, nauli inaingia kwa M-Pesa ama Airtel Money, na watu wa nyumbani wanauliza kama njia iko salama. Simu ikizimika saa kumi na mbili jioni, kazi ya siku imezimika nayo.

Wengi wanaichukua prizi hiyo kuwa kitu cha juzi, kilichokuja na simu za kugusa. Kweli umbo lake ni jipya. Lakini swali la namna ya kuchota umeme kwenye pikipiki bila kuua batri na bila kuchoma chombo lina umri wa zaidi ya miaka 100. Waliotangulia walilijibu polepole, wakiharibu vyombo vingi. Katika majibu yao kuna kipande kimoja kidogo, cha bei ndogo, ambacho prizi nyingi zinazofungwa kando ya barabara hazina. Kipande hicho ni fyuzi, ambayo mafundi wengi wa mji wanaiita kwa jina lake la Kifaransa, fusible.

Pikipiki zilizokuwa hazina umeme wa kugawa

Batri ya asidi na risasi, ile ile inayokaa leo chini ya kiti cha pikipiki, ni ya zamani kuliko pikipiki yenyewe. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka wa 1859. Mfaransa mwenzake, Camille Faure, akaiboresha mwaka wa 1881 hadi ikaweza kutengenezwa kwa wingi viwandani. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, huko Ujerumani, walijaribu chombo chao cha magurudumu mawili chenye injini mwaka wa 1885. Injini ile haikutumia umeme hata kidogo: esansi iliwashwa na tyubu ndogo iliyopashwa moto mpaka ikawa nyekundu.

Umeme uliingia kwenye pikipiki kupitia mlango mmoja tu, cheche ya kuwasha injini. Kampuni ya Robert Bosch ilitoa mwaka wa 1902 magneto ya volti nyingi, kazi ya fundi wake Gottlob Honold. Magneto ni sumaku inayozungushwa na injini karibu na bobini, na hapo inazalisha cheche yenyewe. Haina haja ya batri. Ndiyo sababu viwanda viliipenda. Wabelgiji wa kiwanda cha FN, kule Herstal karibu na Liège, walipotoa mwaka wa 1905 pikipiki yao ya silinda nne, waliiwasha kwa magneto.

Taa nayo haikuwa ya umeme. Usiku waendeshaji walitumia taa ya kabidi: maji yanadondoka juu ya mawe ya kabidi, gesi ya asetilini inatoka, inawashwa kwa kiberiti. Pikipiki ya wakati ule ilizalisha umeme wa kujitosheleza kwa cheche, na hapakubaki kitu cha kumpa mtu mwingine.

Waliojaribu kuvuka mpaka huo mapema waliumia. Mwaka wa 1914 kampuni ya Indian, ya Marekani, ilitoa pikipiki iliyoitwa Hendee Special, yenye taa za umeme na kiwashio cha umeme, bila haja ya kupiga teke. Magari ya Cadillac yalikuwa yamepata kiwashio kama hicho miaka miwili mbele, mwaka wa 1912, kwa kazi ya Charles Kettering. Lakini kwenye gari kuna nafasi ya batri kubwa, na kwenye pikipiki haipo. Batri za Indian zilikuwa dhaifu mbele ya kazi ile, zilikwisha njiani, na wanunuzi wakarudi kwenye teke. Chombo kile hakikudumu sokoni. Tangu siku zile pikipiki haijabadilika katika jambo hili: batri yake ni ndogo, na imepimwa kwa kazi chache.

Kutoka volti 6 hadi volti 12

Kila seli ya batri ya risasi inatoa karibu volti 2. Seli tatu zikiunganishwa zinatoa volti 6, na seli sita zinatoa 12. Kwa miaka mingi pikipiki zilitembea na volti 6, na wazee waliozipanda wanakumbuka taa ya mbele yenye rangi ya chungwa, iliyofifia kila injini iliposhuka mwendo.

Magari ya Marekani yalihamia volti 12 katika miaka ya 1950. Sababu ni hesabu nyepesi. Nguvu ni volti mara ampea. Taa ya wati 36 kwenye volti 6 inavuta ampea 6. Kwenye volti 12 inavuta 3 tu. Ampea zikipungua, waya inaweza kuwa nyembamba na joto linalopotea njiani linapungua. Pikipiki zilichelewa. Honda ilirudisha kiwashio cha umeme mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini pikipiki nyingi ndogo za Japani zilibaki na volti 6 hadi miaka ya 1970, na zingine hadi ya 1980.

Bila mabadiliko hayo, prizi ya leo isingekuwepo. Vifaa karibu vyote vya kuchomeka kwenye chombo vimetengenezwa kwa volti 12. Siku pikipiki ndogo ilipofika kwenye volti 12, ililingana kwa kipimo na gari, na kila kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya gari kikaanza kuhamia kwenye usukani wake. Kilichobaki tofauti ni ukubwa. Batri ya gari dogo ina ampea-saa 40 na zaidi. Ya pikipiki nyingi za kubeba abiria ina kati ya 5 na 9.

Tundu lililozaliwa kwa ajili ya sigara

Tundu la mviringo linaloonekana kwenye magari, ambalo pia linafungwa kwenye pikipiki, halikutengenezwa kwa ajili ya kugawa umeme. Ni kiwashio cha sigara. Katika miaka ya 1920 magari ya Marekani yalianza kuja na kiwashio cha umeme kwenye dashibodi: koili inayopata moto ndani ya tundu, mtu anaichomoa na kuwasha sigara. Kazi yake ilikuwa ya sekunde chache, tena ndani ya gari, mahali pakavu pasipotikisika sana.

Wakati huohuo watu walianza kutaka vitu vingine ndani ya gari. Mwaka wa 1930 ndugu wa familia ya Galvin, huko Chicago, walitoa redio ya gari na kuipa jina Motorola. Redio, taa za mkono na vifaa vingine vilihitaji umeme, na tundu la sigara lilikuwa pale, tayari limeunganishwa na batri. Watengenezaji wa vifaa wakatengeneza plagi zinazoingia ndani yake. Hapakuwa na mkutano uliokaa kuchagua tundu bora. Dunia ilichukua lililokuwepo. Viwango vya kimataifa viliandikwa baadaye, juu ya jambo ambalo lilikuwa limekwisha kuwa desturi.

Kwenye pikipiki kasoro za asili hii zinaonekana haraka. Tundu ni pana na plagi yake inashikwa na springi tu, kwa hiyo barabara ya mawe ya volkeno inaitikisa mpaka inachomoka. Mdomo wake umefunguka, na mvua ya Goma haichagui. Kila plagi inapocheza ndani ya tundu, cheche ndogo zinaruka na chuma kinapata moto. Ndiyo maana kampuni ya BMW, kwenye pikipiki zake kubwa, ilichagua tundu lingine, dogo na lenye kubana zaidi. Na ndiyo maana prizi ya USB yenye kifuniko cha mpira, iliyotengenezwa kwa ajili ya usukani, ni bora kwa motari kuliko tundu la sigara lililotolewa kwenye gari la zamani.

Simu inafika Kongo, umeme haufiki

Kampuni ile ya Motorola ndiyo iliyotoa simu ya kwanza ya kushika mkononi. Tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi wake Martin Cooper alipiga simu akiwa barabarani New York. Ilipofika sokoni mwaka wa 1983, simu hiyo ilitoa karibu nusu saa ya kuongea na ilihitaji karibu saa 10 za kuchajiwa.

Zaire haikuchelewa. Kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare ilileta simu za mkononi Kinshasa katikati ya miaka ya 1980, kati ya za kwanza Afrika. Zilikuwa za wakubwa wa serikali na wafanya biashara matajiri, watu waliokuwa na umeme nyumbani na ambao hawakuhangaika na chaja. Raia wa kawaida walingoja miaka ya 2000. Celtel ilianza kazi nchini mwaka wa 2000, Vodacom mwaka wa 2002. Mwaka wa 2003 Nokia ikatoa 1100, simu ndogo yenye tochi, iliyouzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Batri yake iliweza kukaa siku kadhaa.

Miaka ile ile pikipiki za kubeba abiria zilienea katika miji ya mashariki. Vita vilikuwa vimeharibu barabara na biashara ya magari. Huko Goma, lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, na kwa muda mrefu njia zilibaki za mawe makali. Chukudu ilibeba mizigo, pikipiki ikabeba watu. Kinshasa waendeshaji wanaitwa wewa. Goma ni wamotari.

Umeme haukutembea kwa mwendo huo. Kongo ina mto wenye nguvu kuliko yote Afrika, lakini mpaka leo ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme. Kivu ilitegemea kwa muda mrefu bwawa la Ruzizi I, la miaka ya 1950, na Ruzizi II, la mwaka wa 1989. Hali ya Goma ilibadilika kidogo kampuni zingine zilipokuja kando ya SNEL: bwawa la Matebe la Virunga Energies, huko Rutshuru, lilizinduliwa mwaka wa 2015, na mitambo ya jua ya Nuru ikawashwa Ndosho mwaka wa 2020. Hata hivyo mji unabaki dhaifu. Nyiragongo ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021 ikakata nyaya. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, wakaaji walikaa siku kadhaa bila umeme wala maji.

Katika hali hiyo, kila injini inayozunguka ni kiwanda kidogo cha umeme. Simu za kugusa zilipokuja na batri inayokwisha kwa siku moja, na malipo kwa simu yalipoanza (M-Pesa ya Vodacom iliingia Kongo mwaka wa 2012), motari hakuweza tena kuacha simu yake kwenye kibanda cha kuchajia kutwa nzima. Prizi ikapanda kwenye usukani. Ni jambo la kufikirisha: batri za simu nyingi zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Katanga, vipande vyake vingine vinahitaji coltan, kama ile inayochimbwa Rubaya, Masisi, safari ya saa chache kutoka Goma. Nchi inatoa madini ya simu, kisha mwenye simu anatafuta umeme wake kwenye pikipiki.

Volti 5 zinatoka wapi

Simu haili volti 12. Kiwango cha USB kilichotolewa mwaka wa 1996 kilichagua volti 5. Mwaka wa 2009 viwanda vikubwa vya simu vilikubaliana na Tume ya Ulaya kutumia aina moja ya chaja, na hapo ndipo mlima wa chaja tofauti ulipoanza kupungua. Kati ya batri ya pikipiki na simu lazima pawepo kitu cha kushusha volti.

Mafundi wa redio walikuwa na jibu lao tangu zamani: kipande chenye miguu mitatu kinachoitwa 7805. Kinapokea volti 12, kinatoa 5, na kinapatikana ndani ya vyombo vibovu vingi. Ni ufundi wa kweli, na uliwasaidia watu wengi. Lakini kipande hicho kinashusha volti kwa kugeuza ziada kuwa moto. Injini inapozunguka, volti kwenye batri ya pikipiki zinapanda hadi karibu 14. Simu ikivuta ampea 1, wati 14 zinatoka kwenye batri, 5 zinafika kwenye simu, na 9 zinabaki kuwa joto kwenye kipande chenye ukubwa wa ukucha. Bila bamba la kupoza, kinaungua. Na kikiungua vibaya, kinaweza kuachilia volti zote 14 ziingie ndani ya simu.

Prizi za USB zinazouzwa leo zinatumia njia nyingine: zinakata umeme vipande vipande kwa kasi kubwa na kuulainisha tena, hivyo kinachopotea ni kidogo. Lakini zile za bei ya chini sana zinabana kila kitu ndani ya kisanduku kidogo, na maandishi yaliyo juu yake si lazima yawe ya kweli. Prizi inayoandikwa ampea 3 na inayopata moto mkononi kwa simu moja inajieleza yenyewe.

Fyuzi: somo la tangu enzi za telegrafu

Hapa ndipo historia inagusa maisha ya mtu. Mwaka wa 1847, Mfaransa Louis Breguet alishauri kuweka waya nyembamba kwenye njia za telegrafu, ili radi ikipiga, waya hiyo ndogo ikatike na kuokoa vyombo. Thomas Edison alipata hati ya uvumbuzi wa fyuzi mwaka wa 1890, wakati nyumba zilipoanza kuwekewa taa za umeme na moto ulipoanza kuwa hofu. Magari na pikipiki zilitumia kwa miaka mingi fyuzi za kioo, kisha mwaka wa 1976 kampuni ya Littelfuse ikatoa fyuzi bapa ya plastiki yenye rangi: zambarau kwa ampea 3, kahawia hafifu kwa 5, nyekundu kwa 10, bluu kwa 15. Ndizo zinazouzwa leo katika maduka ya vipuri.

Kuna jambo ambalo wengi wanalichanganya. Fyuzi haikuwekwa ili kulinda simu. Kazi ya kulinda simu ni ya kile kinachoshusha volti. Fyuzi inalinda waya, na kwa kulinda waya inalinda pikipiki na watu walioipanda.

Batri ya pikipiki ni ndogo kwa kazi ya siku nzima, lakini kwa sekunde chache ina nguvu ya kutisha. Waya ya alama ya + ikichunika na kugusa chuma cha fremu, ampea 50 na zaidi zinaweza kupita. Ampea 50 mara volti 12 ni wati 600, kama jiko dogo la umeme, ndani ya waya nyembamba. Plastiki yake inayeyuka kwa muda mfupi mno. Na waya hiyo inapita wapi? Mara nyingi chini ya tangi la esansi, njia ile ile ya nyaya zote zinazotoka kwenye kiti kwenda kwenye usukani.

Mahali pa kuchunika pako wazi kwa kila fundi: kwenye shingo ya usukani, ambapo waya inapinda kila kona, kwenye ukingo wa fremu inayotikisika, karibu na bomba la moshi. Barabara mbaya inafanya kazi ya msumeno. Prizi iliyofungwa kwa dakika 10, kwa waya ya spika na mkanda wa kunata, inaweza kufanya kazi vizuri miezi 6, hadi siku moja mpira wa waya unapokwisha. Mwenye pikipiki hapati onyo.

Tena kuna kosa la pili, la kuweka fyuzi kisha kuiua. Ikikatika, fundi anafunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ama uzi wa shaba, na mambo yanaendelea. Fyuzi inayokatika ilikuwa inaleta habari: mahali fulani waya imeguswa. Kuinyamazisha hakuondoi habari hiyo.

Kazi inayofanywa vizuri

Historia yote hiyo inajifupisha katika kazi ya nusu saa ambayo fundi yeyote makini anaiweza.

Kwanza anafungua waya ya alama ya − kwenye batri, ili spana ikigusa fremu kusitokee cheche. Kwenye alama ya + anafunga waya mpya, na fyuzi inakaa karibu na batri, si zaidi ya sentimita 20. Fyuzi iliyowekwa kule kwenye usukani inaacha sehemu yote iliyo kati yake na batri bila ulinzi, na ndiyo sehemu inayopita chini ya tangi.

Ukubwa wa fyuzi unatoka kwenye hesabu. Prizi ya USB inayotoa ampea 3 kwa volti 5 ni wati 15. Kwenye batri hiyo ni karibu ampea 1 na nusu. Fyuzi ya 3 inatosha, ya 5 ni kikomo. Waya ya shaba ya milimita 1 ya mraba inabeba mzigo huo bila shida. Kuweka fyuzi ya 20 kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani ni sawa na kutoweka.

Umeme wa prizi unapaswa kukatika ufunguo unapozimwa. Prizi nyingi zina taa ndogo ama kipimo cha volti kinachokula kidogo kidogo usiku na mchana. Miliampea 20 ni karibu nusu ampea-saa kwa siku; batri ya ampea-saa 5 inaweza kuisha kwa siku 10 pikipiki ikiwa imeegeshwa tu. Njia nzuri ni rele, yaani swichi ndogo inayoamriwa na waya ya ufunguo wakati umeme wenyewe unatoka kwenye batri kupitia fyuzi. Kwa prizi ndogo ya USB, swichi rahisi isiyopitisha maji inatosha, mwenye pikipiki akikumbuka kuizima.

Kuchota umeme kwenye waya ya taa ya mbele ni mtego. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hailishwi na batri. Inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye bobini ya injini, umeme unaogeuka-geuka na unaopanda na kushuka kufuatana na mwendo. Prizi iliyofungwa pale inakufa, na wakati mwingine simu inakufa nayo.

Waya ya alama ya − inarudi hadi kwenye batri ama kwenye chuma safi cha fremu kisicho na rangi wala kutu. Waya zote mbili zinavalishwa mrija wa plastiki, zinaachiwa ulegevu kwenye shingo ya usukani, na zinafungwa mbali na bomba la moshi. Mwishoni fundi anapima kwa mita huku injini ikizunguka: kati ya volti 13 na nusu na 14 na nusu ni sawa. Zikivuka 15, regulata imekufa, na hakuna prizi itakayodumu mpaka ibadilishwe.

Na kuna hesabu moja ya kukumbuka kwenye kituo, wakati wa kungoja mteja. Batri ya volti 12 na ampea-saa 5 ina wati-saa 60, ikiwa bado mpya. Simu ya kisasa ya miliampea-saa 5000 inameza karibu 19, na pamoja na kinachopotea njiani inafika 25. Kuchaji simu moja kikamilifu huku injini imezimwa kunakula karibu asilimia 40 ya batri hiyo: batri ikibaki chini ya nusu, kiwashio kinagoma, na motari anarudi kwenye teke. Simu ichajiwe pikipiki ikitembea.

Kipande cha bei ndogo

Serikali, makampuni na wafadhili wanazungumza kuhusu mabwawa na megawati, na wana haki, kwa kuwa bila hivyo mji hautajengwa. Wakati huo unapongojwa, umeme wa watu wengi unaendelea kuzalishwa chini ya kiti cha pikipiki. Kampuni zingine za pikipiki zimeanza kuweka prizi ya USB kiwandani, ikiwa na fyuzi yake. Kwa pikipiki zilizoko tayari barabarani, usalama uko mikononi mwa mafundi wa mitaa, na kwa wenye pikipiki wanaokubali kulipa kidogo zaidi kwa kazi iliyofanywa vizuri.

Motari anayetaka kujua prizi yake ikoje anaweza kufungua kiti leo jioni na kufuata waya kuanzia alama ya + ya batri. Akikuta fyuzi kabla ya sentimita 20, fundi wake alifanya kazi. Akikuta waya tupu inayoingia moja kwa moja chini ya tangi, aichomoe, na kesho asubuhi kazi ya kwanza iwe kupita kwa fundi kabla ya kupakia abiria.